Kabla ya kumpandisha mbwa wako kwenye lori

TUSEME wewe ni dereva wa trela. Umepakia kontena Mombasa, umepita mizani ya Mariakani, na sasa unaelekea Malaba. Kando yako ameketi mbwa uliyemlea tangu akiwa mdogo. Yeye ndiye mwenzako wa usiku. Akibweka unapolala, unajua kuna mtu anayenyemelea tangi la mafuta au anayefungua turubai.

Jioni unasimama Mtito Andei kunywa chai. Mtoto wa mama muuza chai anamsogelea mbwa wako anapokula. Mbwa anamng'ata mkononi. Jeraha ni dogo, damu yenyewe ni matone mawili matatu. Unaomba msamaha, unampa mama huyo pesa kidogo na kuondoka. Kunapopambazuka uko mbali sana, na siku inayofuata umeshavuka mpaka.

Je, mama huyo atajuaje kama mbwa wako alikuwa na kichaa au hakuwa nacho?

Msomaji, hili si swali dogo. Mbwa wa nyumbani akimng'ata mtu, kila mtu anajua anakoishi. Hufungwa na kuchunguzwa. Mbwa wa lori yuko hapa leo na kesho yuko kwingine. Ndiyo maana yeyote anayetaka kusafiri na mbwa kazini anapaswa kujua mambo fulani ya afya kabla ya kumfungulia mlango.

Hata kama wewe si dereva, soma. Huenda mumeo, kaka yako au mfanyakazi wako ndiye anayesafiri na mbwa. Au huenda wewe ndiwe yule mama wa chai.

FAIDA ZIPO

Tusianze kwa kumlaumu dereva. Kazi ya masafa marefu ni kazi ya upweke. Mtu hukaa siku nyingi bila kuwaona mkewe na watoto, hulala ndani ya kichwa cha lori, na hula vibandani kwa saa zisizojulikana. Upweke wa aina hii huleta mawazo mengi, usingizi mbaya na wakati mwingine ulevi.

Wataalamu wamechunguza uhusiano wa binadamu na mbwa kwa miaka mingi. Imeonekana kwamba mtu akimpapasa mbwa anayemzoea, mara nyingi moyo wake hutulia na shinikizo la damu hushuka kidogo. Mbwa si dawa ya presha, lakini ni mwenzi.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaifikirii. Dereva hukaa kitini kwa saa nyingi bila kunyosha miguu. Kukaa hivyo huchangia unene, maumivu ya mgongo, na hata damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Mbwa hawezi kukaa hivyo. Kila baada ya saa mbili au tatu atahitaji kushuka, kunywa maji na kujisaidia. Ukishuka naye na kutembea kwa dakika kumi au kumi na tano, wewe pia umepata dawa.

Nchini Marekani kuna kampuni za uchukuzi zinazowaruhusu madereva kusafiri na mbwa, mradi wafuate masharti ya kampuni. Kwa hivyo jambo lenyewe si geni wala si la ajabu. Kilicho muhimu ni namna linavyofanywa.

KICHAA CHA MBWA HAKINA MZAHA

Kichaa cha mbwa husababishwa na virusi vinavyokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia mwilini mtu anapong'atwa, anapokwaruzwa, au mate yanapogusa kidonda, macho au mdomo. Kutoka hapo virusi hufuata mishipa ya fahamu polepole mpaka kwenye ubongo.

Safari hiyo ya virusi aghalabu huchukua kati ya mwezi mmoja na miezi mitatu. Yaweza kuwa wiki moja, au ikafika mwaka. Wakati huo wote mtu hujiona mzima. Lakini dalili zikishaanza, kama vile homa, mwasho mahali palipong'atwa, wasiwasi mkubwa na kushindwa kumeza maji, hakuna tiba ya kutegemewa. Karibu kila anayefikia hapo hufariki.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao barani Afrika na Asia. Karibu visa vyote vya binadamu, yaani 99 kwa mia, hutokana na mbwa. Watoto ndio huumia zaidi, kwa sababu hucheza na mbwa na mara nyingi hawasemi wakikwaruzwa.

Hapa kwetu ugonjwa huu si mgeni. Kisa cha kwanza kuthibitishwa Kenya kilikuwa cha mbwa karibu na Nairobi, mwaka wa 1912. Mwaka wa 2014 serikali ilianzisha mpango wa kuumaliza miongoni mwa binadamu kufikia 2030. Kaunti zilizochaguliwa kuanza ni Makueni, Machakos, Kitui, Kisumu na Siaya. Tazama ramani uone: lori linalotoka Mombasa kwenda Nairobi hupita Makueni na Machakos.

Sasa fikiria kazi inayofanyika huko. Maafisa wa mifugo wanajitahidi kuchanja mbwa 70 kati ya kila 100, kwa sababu kiwango hicho kikifikiwa ugonjwa hukosa njia ya kusambaa. Kisha lori linafika na mbwa asiyechanjwa kutoka kaunti nyingine. Mbwa akisafiri, ugonjwa pia unaweza kusafiri.

Jambo kama hilo lilitokea Indonesia. Kisiwa cha Flores hakikuwa na kichaa cha mbwa hadi mwaka wa 1997, mbwa walipoletwa kwa mashua kutoka Sulawesi. Ugonjwa ulienea kisiwani na watu wengi wakafariki katika miaka iliyofuata. Bahari ilikuwa imekikinga kisiwa hicho, lakini chombo cha binadamu kilivuka. Lori nalo ni chombo.

CHANJO KWANZA, SAFARI BAADAYE

Sharti la kwanza ni chanjo. Mpeleke mbwa wako kwa daktari wa mifugo achanjwe akiwa na umri wa miezi mitatu, kisha arudiwe kila mwaka kama daktari atakavyoelekeza. Chanjo huchukua muda wa wiki chache kujenga kinga. Usimchanje leo na kuondoka naye usiku huu.

Hifadhi kadi ya chanjo ndani ya lori, pamoja na leseni na karatasi za mizigo. Kadi iliyoachwa nyumbani haimsaidii mtu aliyeng'atwa Mtito Andei.

Kaunti kadhaa huendesha kampeni za kuchanja mbwa bila malipo, hasa karibu na tarehe 28 Septemba, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Uliza katika ofisi ya mifugo iliyo karibu nawe.

Aidha, fahamu kwamba hatari haitoki kwa mbwa wako peke yake. Kila kituo cha malori kina mbwa wasio na wenyewe wanaozurura wakitafuta mabaki ya chakula. Ukimwachilia wako usiku, anaweza kupigana nao na kung'atwa wewe ukiwa umelala. Hutaona jeraha chini ya manyoya. Kwa hivyo mshushe akiwa amefungwa kamba, na umkague mwili kila asubuhi. Akiwa na jeraha la meno, mpeleke kwa daktari wa mifugo mara moja, hata kama amechanjwa.

AKIMNG'ATA MTU NJIANI

Hapa ndipo madereva wengi hukosea. Iwapo mbwa wako amemng'ata mtu, usiwashe injini. Fanya mambo manne.

La kwanza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tumia saa, usikisie. Sabuni huviua virusi vingi kabla havijaingia ndani. Wewe una madumu ya maji kwenye lori, yatoe. Usipake mafuta ya taa, pilipili, majani wala jivu, na jeraha lisifungwe kwa kubanwa.

La pili, hakikisha aliyeng'atwa amefika hospitali siku hiyo hiyo. Wengi bado huogopa, wakikumbuka sindano nyingi za tumboni za zamani. Sindano hizo zimepitwa na wakati. Siku hizi chanjo hudungwa mkononi, ya kwanza siku ya kufika, kisha nyingine baada ya siku tatu, baada ya siku saba, na kuendelea kama atakavyoelekezwa. Jeraha likiwa kubwa au la kina, huhitaji dawa nyingine maalum ndani yake. Asiache katikati kwa sababu jeraha limepona. Jeraha kupona si ushahidi kwamba virusi havikuingia.

La tatu, acha jina lako, nambari ya simu, nambari ya gari na nakala ya kadi ya chanjo kwa mgonjwa na kwa wahudumu wa afya. Kama una simu yenye kamera, kadi yaweza kupigwa picha.

La nne, mbwa achunguzwe kwa siku 10. Siku hizo zina maana. Mbwa ambaye tayari anatoa virusi kwenye mate yake ataugua na kufa katika muda huo. Akiwa mzima siku ya kumi, basi hakuwa akiambukiza alipong'ata, na daktari anaweza kuamua kusimamisha chanjo ya mgonjwa. Lakini matibabu hayasubiri siku kumi. Huanza siku ile ile.

Dereva, hapa ndipo ulipo mzigo wako. Siku hizo kumi haziwezi kuhesabiwa na mbwa aliyetoweka. Ukiondoka kimya, unamwachia mama wa watu gharama za kila sindano na wasiwasi wa miezi mingi. Na kama hana nauli ya kwenda hospitali na akajipa moyo kwamba mbwa alionekana mzima, huenda mtoto akalipa kwa uhai wake.

Ikiwa huwezi kumwacha mbwa kwa ofisi ya mifugo iliyo karibu, toa taarifa hapo, mfungie ndani ya lori mbali na watu, na upige simu kila siku kueleza hali yake. Akibadilika tabia, akitokwa na mate mengi, akishindwa kumeza, sauti ikikauka, taya likilegea au akauma vitu ovyo, usimguse. Usitie mkono mdomoni ukidhani amekwamwa na mfupa. Mfungie na uwaite maafisa wa mifugo.

Kenya ina sheria maalum kuhusu ugonjwa huu, Sura ya 365. Lakini hata kama hakuna afisa aliyekuona, utu wako unakuona.

JOTO NDANI YA LORI

Binadamu hutoa jasho mwili mzima. Mbwa hana bahati hiyo. Yeye hujipoza hasa kwa kuhema ulimi ukiwa nje, na hewa ikiwa moto kuhema hakumsaidii.

Gari lililofungwa madirisha na kuegeshwa juani hupanda joto upesi sana, kama nyuzi 10 za selsiasi katika dakika kumi tu za kwanza. Kukiwa na joto la nyuzi 32 Voi au Mombasa, ndani hufika nyuzi 40 na zaidi kabla hujamaliza kikombe cha chai. Kuacha ufa mdogo dirishani hakusaidii sana.

Foleni ya mpakani huweza kuchukua saa nyingi. Ukishuka kushughulikia karatasi, mbwa ashuke pia, afungwe kivulini akiwa na maji na mtu wa kumwangalia.

Mbwa aliyeshikwa na joto huhema kwa nguvu, mate huwa mazito, ufizi huwa mwekundu sana, kisha huyumba, hutapika na kuanguka. Mtoe kwenye jua, mmwagie maji ya kawaida mwilini, mpepee, mpe maji kidogo kidogo, na utafute daktari wa mifugo.

USUKANI SI MAHALI PA MBWA

Lori kubwa haliruhusiwi kupita mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo linakimbia mita 22 kila sekunde. Ukigeuza macho kwa sekunde mbili umwambie mbwa aketi, umepita mita 44 bila kutazama barabara. Katika mteremko kama wa Salgaa, mita 44 ni nyingi mno.

Mbwa asikae mapajani mwako. Asilale miguuni mwako pia, kwa sababu akijikunja chini ya breki hutaweza kuikanyaga. Mahali pake ni kitanda cha nyuma au upande wa utingo, akiwa amefungwa kwa mkanda wa kifuani ulioshikizwa mahali imara. Mkanda wa shingoni pekee unaweza kumnyonga ukifunga breki ghafla. Ndani ya kreti iliyofungwa vizuri ni bora zaidi.

Asitoe kichwa dirishani. Vumbi na vijiwe humwumiza macho, na lori linalopishana nanyi liko karibu kuliko unavyodhani. Pia usimweke nyuma penye mizigo, hasa mkibeba chakula.

MINYOO, KUPE NA MBUNG'O

Kichwa cha lori ni chumba kidogo. Mnalala humo, mnakula humo. Kila alicho nacho mbwa, nawe uko karibu nacho.

Madereva wengi huwatupia mbwa maini na mapafu mabichi yaliyokataliwa na mchinjaji kwa sababu yana malengelenge ya maji. Usifanye hivyo kamwe. Malengelenge hayo ni mabuu ya tegu mdogo sana. Mbwa akiyala, tegu hukua tumboni mwake na mayai hutoka na kinyesi chake. Mayai yakishika manyoya, kisha mkono wako, kisha mkate wako, malengelenge huota kwenye ini au mapafu yako. Hukua polepole kwa miaka, na mara nyingi hutolewa kwa upasuaji. Turkana imejulikana kwa muda mrefu kuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika zaidi duniani. Kwa hivyo wewe unayepeleka mizigo Lodwar na Lokichoggio, jihadhari zaidi.

Kinga ni rahisi. Mpe mbwa nyama iliyopikwa, mpe dawa ya minyoo kwa ratiba ya daktari wa mifugo, na unawe mikono kwa sabuni kabla ya kula.

Kupe wa mbwa hujificha masikioni, kati ya vidole na chini ya mkia, na huambukiza homa kali za damu. Mkague kila jioni. Kupe akipatikana, mshike karibu na ngozi kwa koleo ndogo na umvute taratibu bila kumponda. Safisha godoro na mazulia ya lori kila mnapomaliza safari.

Sehemu za Tsavo na Shimba Hills zina mbung'o. Mbwa akiumwa nao anaweza kupata nagana. Ukiona homa, kukonda na macho kuwa na ukungu, usingoje. Tena kumbuka kwamba mbwa wa kufugwa haruhusiwi kuingia mbuga za wanyama, hata kama barabara yako inapita kando yake.

MWENZAKO ANASEMAJE?

Lori si lako peke yako. Kama una utingo, mwulize kabla. Pengine manyoya humletea pumu au chafya. Pengine alishang'atwa utotoni na haogopi kitu kingine duniani kama mbwa.

Pengine pia ni Mwislamu. Kwa Waislamu wengi wa Pwani, wanaofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi na chombo kilicholambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Usimlazimishe mwenzako kula na kusali katika chumba kimoja na mbwa kisha ukamwona mkaidi. Mkishindwa kuelewana, mbwa abaki nyumbani.

Mwulize pia mwajiri wako, na umwombe akujibu kwa maandishi. Kampuni nyingi hukataza abiria wasioandikishwa, na bima huwa na masharti yake. Kama mnavuka Malaba au Busia, mbwa anahitaji cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali, cheti cha chanjo na kibali cha nchi mnayoingia. Yashughulikie mapema, si langoni.

JIULIZE HAYA KABLA YA SAFARI

Je, mbwa wako amechanjwa, na kadi iko ndani ya lori? Je, ana kamba, mkanda wa kifuani, bakuli na maji yake mwenyewe? Je, kwenye lori mna sabuni? Je, mwajiri na utingo wamekubali? Je, akimng'ata mtu leo usiku, uko tayari kusimama, kuosha jeraha na kuacha nambari yako?

Kama umejibu ndiyo kwa yote, safari njema wewe na mwenzako. Kama kuna jibu moja la la, mwache nyumbani mara hii. Atakusubiri.

Nawe mama wa chai, mwenye kibanda kando ya barabara, usisahau. Mwanao aking'atwa na mbwa wa mpita njia, kwanza sabuni na maji kwa dakika 15, pili andika nambari ya lori, tatu hospitali siku hiyo hiyo. Usimkimbilie dereva kwanza. Dereva anaweza kutafutwa kesho, lakini jeraha halingoji kesho.